Mkokoto wa Saa Kumi

Siku ya kwanza Odile Verdelhan alidhani ni jirani yake Pina anakokota kuni. Saa kumi alasiri, jua la Aprili likiwa bado juu ya mapaa ya mawe, kitu kilipita kichochoroni chini ya dirisha la jikoni: kwaruu, kikatulia, kisha kwaruu tena, kama mtu anayevuta mlango mzima juu ya mawe. Odile hakuinua hata kichwa. Alikuwa na kalamu ya risasi mdomoni na furaha kifuani, na mwenye furaha hana masikio.

Furaha yenyewe ilikuwa ukutani. Karatasi ya nasaba ya ukoo wa Verdelhan, pana kuliko shuka la kitanda cha watu wawili, ilifunika ukuta mzima kuanzia kabati la mkate hadi jiko la kuni. Alikuwa ameijaza kwa miaka thelathini, kwanza akiwa mwalimu wa shule, kisha akiwa mjane mstaafu. Wahugenoti wa milima ya Cévennes, kusini mwa Ufaransa, wana ugonjwa huo. Babu zao waliwindwa na mfalme kwa kushika dini ya Kiprotestanti, wakaabudu mapangoni, wakazikwa mashambani kwao bila jiwe wala jina, basi wajukuu hawatulii mpaka wawapate wote. Na katika kuwatafuta hakuna aliyekuwa mkali kama Odile. Mtu akisimama kwenye chama cha nasaba akajigamba kwamba babu yake alifungwa kwenye merikebu za mfalme kwa ajili ya imani, Odile alikuwa na neno moja tu: "Chanzo?" Huna karatasi, huna babu. Walimwita Bibi Chanzo, naye jina alilipenda kuliko alivyokubali.

Sheria yake ya kazi ilikuwa hii: lenye shaka huandikwa kwa risasi, lililothibitishwa huandikwa kwa wino. Siku hiyo alikuwa ametoa wino. Katika daftari la padri wa mwaka 1688 alikuwa amempata hatimaye Judith, mke wa Antoine Verdelhan: "Amekufa akimkataa padri na sakramenti. Mwili umetendewa kama sheria inavyoagiza." Basi, hilo tu. Odile akaliandika jina, kisha akalisoma kwa sauti mara tatu, kama alivyozoea, ili kuhakiki herufi.

"Judith. Judith. Judith."

"Bibi, unamwita nani?" akauliza Maëlle kutoka chini ya meza.

Maëlle alikuwa mjukuu wake wa pekee, mwenye umri wa miaka saba na pengo la meno mawili. Mama yake, Coralie, alikuwa nesi huko Lyon, na likizo ya Pasaka alimleta mtoto mlimani anywe maziwa ya mbuzi.

"Namwita bibi wa bibi wa bibi yangu, na zaidi ya hapo."

"Atakuja?"

"Amekufa zamani, mpenzi."

"Sasa mbona unamwita?"

Odile akacheka mpaka miwani ikamteleza.

Siku ya pili, saa kumi, sauti haikupita. Iliishia getini. Odile akashuka ngazi ya nje na kitambaa cha vyombo mkononi, tayari kugomba, akamkuta Pina kibarazani kwake akimenya vitunguu. Pina alikuwa mjukuu wa Waitaliano waliokuja kuchimba makaa ya mawe, Mkatoliki wa rozari mfukoni, na rafiki yake wa miaka arobaini.

"Wewe Pina, kuni zako utazikokota mbele ya mlango wangu mpaka lini?"

"Kuni zangu huletwa na gari, mama. Labda ni nyie Waprotestanti mnahamisha dhambi zenu, maana hamna wa kumuungamia."

"Sisi dhambi zetu hazikwaruzi mawe."

"Za watu wa kimyakimya ndizo nzito."

Wakacheka. Kisha Odile akatazama chini. Kutoka mwisho wa kichochoro hadi kwenye geti lake kulikuwa na mkokoto: mistari miwili ya maji juu ya mawe makavu, na katikati yake nyuzinyuzi za sufu ya kijivu zilizonasa kwenye nyufa. Akainama. Harufu ilimpanda puani, ya kondoo aliyeloa na mafuta ya mshumaa yaliyochacha. Hakukuwa na alama ya mguu wa mtu, wala ya kwato, wala ya gurudumu.

"Pina, umeona nani akipita?"

Pina akaacha kumenya. "Sijaona mtu," akasema polepole. "Lakini nimesikia. Na mbwa wangu tangu jana hatoki chini ya kitanda."

Siku ya tatu Maëlle alipotea. Odile alimwita uani, bandani kwa mbuzi na chini ya vitanda, mpaka aliposikia pumzi nyuma ya kabati la mkate. Nyuma ya kabati lile kulikuwa na shimo ukutani, lililochimbwa zamani kuwaficha wachungaji wa kanisa pale askari wa mfalme walipokuja kupekua. Odile hakuwahi kumwonyesha mtoto. Aliogopa nge.

Maëlle alikuwa amejikunja humo, macho makavu, kidole mdomoni.

"Shhh. Askari wako chini. Mama kasema nisipumue."

"Mama yako yuko Lyon, mpenzi. Toka humo."

"Siyo huyo," akanong'ona mtoto. "Mama mwingine. Anakuja, ila hawezi kutembea."

Na hapo, ikiwa saa kumi kamili, kitu kikaanza kupanda ngazi ya nje. Kilipanda daraja moja, kikapumzika, kikapanda lingine, fito zikilia juu ya jiwe.

Odile akajua. Alikuwa amewafundisha watoto wa shule sheria ile kwa miaka ishirini na minane: Mprotestanti aliyelazimishwa kuwa Mkatoliki, akimkataa padri kitandani pa mauti, maiti yake ilazwe kifudifudi juu ya machela ya fito, ifungwe nyuma ya farasi, ikokotwe mjini kote watu wakiitupia matope, kisha itupwe jalalani pamoja na mizoga. Kusoma sheria ni jambo moja. Kuisikia ikipanda ngazi zako, pasipo farasi wa kuivuta, ni jambo jingine kabisa.

Sauti ikakoma nyuma ya mlango. Odile alisimama amemkumbatia mtoto mpaka giza likaingia, na hakufungua.

Tangu hapo Maëlle hakuitika jina lake. "Naitwa Suzon," alisema, bila kiburi, kama mtu anayemsahihisha mgeni. Kwenye karatasi ya ukutani, chini ya Antoine na Judith, kando ya kaka aliyewazaa kina Odile, jina hilo kwa kirefu chake lilikuwepo kwa risasi na alama ya kuuliza: Suzanne, kazaliwa 1681, kanyang'anywa wazazi akiwa na miaka saba kwa amri ya mfalme, kapelekwa kwa masista akalelewe Kikatoliki, basi. Coralie alipopiga simu, mtoto alisikiliza kidogo akairudisha. "Mwambie mama huyu kanikosea namba." Hakula mkate. Hakula jibini. Mikono yake ilikuwa baridi kama samaki, na daktari wa bondeni aliyempima alisema hana homa wala ugonjwa, labda anawakumbuka wenzake.

Odile akampigia mchungaji wake.

"Odile, wewe ni mwalimu," alisema mchungaji. "Sisi hatuombei wafu. Wala hatuzungumzi nao. Watu walichomwa moto kwa kulishikilia hilo."

"Basi muombee aliye hai."

"Namuombea. Lakini sina maji ya baraka, sina mafuta, sina kengele. Tulivitupa vyote."

Ndivyo walivyo watu wa milima ile. Walivunja sanamu, wakazima mishumaa, wakabaki na Kitabu na ukuta mtupu, na hayo yaliwatosha karne nyingi. Ila pepo akiingia nyumbani mwao, hawana mganga wa kumpunga.

Pina alikuwa na wa kwake. Alhamisi, bila kumwambia mtu, alimleta Padri Anselme, mzee wa karibu miaka themanini mwenye pumu, aliyevaa joho jeupe na stola ya zambarau shingoni, akiwa na maji ya baraka mfukoni na chupa ya mafuta matakatifu mkononi. Uchungu wa rafiki ulimfanya Pina asifikiri. Angefikiri, angekumbuka aliyosimuliwa na Odile: ni nani aliyekufa akimkataa padri, na padri yule alikuja amevaa nini siku hiyo. Walifika saa kumi kasoro dakika tano, wakaingia bila kubisha.

"Mama Odile, usikasirike," Pina akanong'ona, "ni kwa ajili ya mtoto."

"Mtoe," akasema Odile. "Pina, nakuomba, mtoe upesi."

Walikwisha kuchelewa. Padri alinyunyiza maji, akasema neno la kwanza la Kilatini, na mlango ambao Pina alikuwa ameutia komeo nyuma yao ukafunguka taratibu hadi ukutani, na harufu ya kondoo aliyeloa ikajaa jikoni mpaka macho yakawatoka machozi, na ile sauti, iliyokuwa ikipumzika kila daraja, safari hii haikupumzika, ikaja moja kwa moja juu ya sakafu ya mbao, kwaruu, kwaruu, kwaruu, na mbao zikatoka michirizi miwili ya maji machafu mbele ya macho yao watatu, na Maëlle, mtoto wa kilo ishirini na mbili, akasimama juu ya kiti akamtemea padri usoni, kisha kwa sauti ya mwanamke mzima, kwa lugha ya kale ya milimani ambayo hakuna aliyemfundisha, akasema neno moja mara tatu, nalo Odile alilielewa, maana bibi yake mwenyewe alikuwa akiongea lugha hiyo: hapana, hapana, hapana. Chupa ya mafuta ikapasuka mkononi mwa mzee.

Sauti ikakoma; Pina akamburuta padri nje, na Odile akawafuata amembeba mtoto. Kibarazani, akitafuta pumzi, mzee yule alimshika Odile mkono kwa vidole vinavyovuja damu.

"Nimewahi kuona pepo," akasema. "Pepo huniogopa. Huyu hakuniogopa, mama. Huyu ananichukia. Anayechukia hivyo ni mtu. Usimfukuze, huwezi. Muulize anataka nini."

Odile hakuhitaji kuuliza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Judith alikufa hajui mwanawe kapelekwa wapi, na sasa amempata mtoto wa kike wa miaka saba, wa damu yake, ndani ya nyumba yake. Kila siku alikuwa akisogea: kichochoro, geti, ngazi, sakafu. Kilichobaki ni kitanda cha mtoto. Mtu akimwonyesha alipofikia Suzon halisi, huenda akamwachia huyu.

Na kutafuta alipofikia mtu, hiyo ndiyo kazi aliyoijua Odile kuliko zote.

Ijumaa asubuhi alimwacha mtoto kwa Pina, akaendesha gari dogo kushuka milima kwa mwendo wa kumfedhehesha mwalimu mstaafu, akawa wa kwanza mlangoni kwenye nyumba ya nyaraka. Aliomba madaftari ya masista. La kwanza, hamna. La pili, hamna. Katika la tatu, saa sita na robo, kidole chake kikasimama.

"Sista Marie wa Malaika, aliyezaliwa Suzanne Verdelhan katika uzushi. Aliletwa akiwa na miaka saba. Alikula nadhiri kwa hiari yake. Kwa miaka arobaini alikuwa mlezi wa mabinti wa Kiprotestanti walioletwa hapa, na hakuna aliyejua kama yeye namna ya kuwafanya wawasahau mama zao. Amefariki kwa amani mwaka 1751."

Odile aliisoma mara mbili. Machozi yalimtoka mbele ya vijana wa mapokezi, na hakujali. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini alitamani asingekuwa amepata chanzo. Ukweli ulikuwa mkononi mwake, nakala iliyogongwa mhuri, na ukweli huo ungemuua mtoto. Mwanamke aliyeona heri akokotwe kifudifudi kuliko kupokea mafuta ya padri, umwambie mwanawe alivaa shela ya kisista, akawasahaulisha wengine? Angesema, basi yule si wangu, wangu ni huyu hapa.

Alirudi saa kumi kasoro robo. Pina alikuwa mlangoni, rangi imemtoka.

"Katoroka mikononi mwangu. Yuko kwako, jikoni. Amekaa tu anasubiri."

"Kaa nje," Odile akamwambia. "Na rozari yako iweke mfukoni, nakusihi."

Maëlle alikuwa sakafuni katikati ya jikoni, mgongo wima, amevaa soksi moja. Odile akaketi mbele yake. Mkoba wenye nakala ya daftari ulikuwa mapajani, naye aliubana kwa viwiko kana kwamba una kitu hai. Saa ya ukutani ikagonga. Sauti ikaja, kichochoro, geti, ngazi, sakafu, na safari hii ikazunguka nyuma ya mtoto, ikatulia, na nywele za mtoto zikaanza kulowa, tone moja moja, maji ya kijivu yakimteremka shingoni, na mdomo mdogo wenye pengo la meno mawili ukafunguka.

"Wale waliandika nini juu yangu?"

"Waliandika kwamba ulimkataa padri," akasema Odile. "Nimekuandika hivyo hivyo. Kwa wino."

"Na juu ya mwanangu?"

Tone likaanguka. Midomo ya Maëlle ilikuwa imegeuka ya buluu, na kifua chake hakikuwa kikipanda. Odile alikitazama kifua kile kidogo kisichopanda, na kila alichowahi kujivunia kikamtoka kama maji yanavyotoka ndooni.

"Alitoroka," akasema. "Mtumishi mmoja alimpitisha dirishani. Walimvusha mpaka wa nchi akiwa ndani ya gunia la sufu. Alifika Geneva, kwa watu wetu."

"Alishika imani?"

"Aliishika. Aliolewa na mkimbizi mwenzake, Abraham Rosset, fundi saa. Alizaa." Jina hilo alilikumbuka kutoka orodha ya kale ya wakimbizi, mahali ambapo jina la mke lilikuwa limeliwa na panya. Lilimjia ulimini bila kuitwa, likamtosha.

Mtoto alimtazama kwa muda mrefu, kwa macho yaliyokuwa na umri mkubwa mno.

"Iandike."

Odile akasimama. Mkono wake ukaenda kwenye kalamu ya risasi.

"Siyo hiyo," ikasema sauti.

Basi akachukua wino. Chini ya jina la Suzanne akafuta alama ya kuuliza, akaandika Geneva, akaandika Abraham Rosset, na hakutetemeka, akashangaa mwenyewe jinsi uongo unavyoandikika vizuri. Nyuma yake kitu kikashusha pumzi, pumzi iliyokuwa imebanwa zaidi ya miaka mia tatu. Kisha kwaruu, sakafuni. Kwaruu, ngazini, getini, kichochoroni, ikienda mbali, ikishika barabara ya mashariki, ya kwenda Geneva.

"Bibi," akasema Maëlle, "mbona nimelowa? Nataka mkate na chokoleti."

Jumamosi Coralie alikuja kumchukua mwanawe. Alimkuta mama yake amekonda, lakini mtoto anaruka, naye akaiona karatasi. "Mama! Umempata Suzanne! Baada ya miaka yote hii!" Kabla Odile hajasema kitu, alikuwa ameipiga picha na kuirusha kwenye tovuti ya watafuta nasaba, ili dunia ione Bibi Chanzo amefanya nini. Ile nakala ya nyumba ya nyaraka aliificha kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza.

Kiangazi kikapita kimya. Vuli ikaja, na Maëlle akarudi kwa likizo, ana meno mapya. Alasiri moja wawili hao walikuwa jikoni wakichoma njugu za miti ya mlimani kwenye kikaango chenye matundu, barua pepe ilipoingia kutoka kwa mwanamke ambaye Odile hakumjua.

"Mpendwa Bibi Verdelhan. Nimemtafuta mke wa Abraham Rosset kwa miaka kumi na moja, na nililia nilipoona karatasi yako. Kwa hiyo sisi ni ndugu! Nimemwandika Suzanne kwenye mti wetu na kuwasomea wanangu jina lake mezani. Utaniona mjinga, lakini nina swali. Huko kwenu, katika nyumba ya zamani, mliwahi kusikia kitu kikikokotwa? Kwetu sauti hiyo ilianzia barabarani, sasa iko ngazini, kila siku saa kumi. Binti yangu Ludivine ana miaka saba. Tangu juzi hali chakula, na haitiki mpaka tumwite Suzon. Labda jambo fulani kuhusu Suzanne limetusumbua, na nikiujua ukweli wake wote litatulia. Tafadhali, nipe chanzo chako. Wako, Noémie Rosset."

Njia ya mwongo ni fupi, wamesema wahenga. Ya Odile ilikuwa imefika Geneva.

Alivuta droo. Nakala ilikuwepo chini ya vitambaa, mhuri wake mwekundu. Angeipiga picha, angeituma, na mwanamke yule angemfuta Suzanne kwenye mti wake jioni hiyo hiyo. Na Judith, akiwa hana tena wa kumtafuta kule, angegeuka na kuishika barabara ya magharibi. Odile alimtazama Maëlle akipuliza vidole vilivyoungua, mashavu mekundu, akijipa moyo kwa kuimba. Alikaa hivyo mpaka njugu zikaanza kunuka. Kisha akarudisha droo, akaandika kwa vidole viwili:

"Mpendwa Bibi Rosset. Hapana, hapa hatujawahi kusikia kitu. Chanzo ni Biblia ya familia."

Akatuma. Saa ya ukutani ikagonga saa kumi, na kichochoroni hapakupita hata paka.

Maëlle akainua kichwa, akasikiliza.

"Bibi, yule mama haji tena?"

"Haji tena, mpenzi."

"Kwani amempata Suzon wake?"

Odile akatazama kioo cha kompyuta, ambapo barua ilikuwa imekwisha kwenda.

"Amempata," akasema.